Mikate ya Bi Mize Kwenye Mizani ya Mbata

Palikuwa na tumbo, na nyuma ya tumbo hilo palikuwa na Sultani Muhidini. Msicheke bado, jamani, hatujafika. Asubuhi moja Sultani alikula mikate ya mofa, ile ya mtama iokwayo tanurini, akaongeza, akaongeza tena, akanawa mikono, na tumbo likamwambia bado. Mwenye akili angeliuliza tumbo. Yeye akaulaumu mkate.

"Nimepunjwa!" akafoka. "Sheria ya marehemu baba yangu inasema mikate ya kila tanuri, ukichanganya mikubwa na midogo, wastani wake uwe ratli moja. Nani kaoka hii?"

Alikuwa Bi Mize, mjane wa mtaa wa nyuma ya soko, mwembamba wa mwili, mpana wa ulimi. Tanuri alilirithi kwa mama yake, na wajukuu wake wote walikula kwa tanuri hilo. Amri ikatoka: likionekana linapunja, livunjwe siku hiyo hiyo na mwenyewe ahame mji. Bi Mize akasikia. Aliogopa, tusidanganyane. Ila woga wake haukuwahi kufika mdomoni.

Asubuhi hiyo hiyo akaletwa uwanjani mbele ya jumba. Sultani kakaa kitini, Kadhi kasimama kando yake, anatikisa kichwa kukubali hata kabla hajaambiwa kitu. Watu wamejaa pomoni.

Sultani akainua mkate mmoja ulioletwa kutoka sokoni, mdogo, umejikunja. "Huu una ratli?"

"Hauna, Bwana."

"Kadhi, umesikia! Kakiri mwenyewe. Vunjeni!"

"Taratibu, Bwana wangu. Mimi napima unga kwa kiganja. Mmoja hutoka mnene, mwingine hutoka hivyo. Sheria imetaja wastani, haikumtaja huyo mnyonge uliyemshika. Au na mimi nichague mtu mmoja tu wa jumbani, nipimie kwake akili ya serikali yako yote?"

Macho ya watu yote yakamwendea Kadhi. Kadhi akakohoa. "Nadhani, Bwana, ni vyema tukapima mingi."

"Ipimwe mingi!" akasema Sultani.

"Ahsante. Sasa tunaanzaje? Mimi ni mwizi mpaka nijisafishe, au mwaminifu mpaka mnikamate?"

"Kisheria," Kadhi akajibu, na hapo kwa mara ya kwanza alikuwa na uhakika, "mtu ni mwaminifu mpaka ithibitike vingine."

"Basi tunaanza kwa kusema mikate yangu ina wastani wa ratli moja. Kazi ya kuonyesha kuwa haina ni yenu, si yangu. Na ikipungua kwa chembe ya mtama, mtanivunjia?"

"Chembe naisamehe," akasema Sultani.

"Unasamehe mpaka wapi? Useme sasa hivi, Bwana, mbele za watu. Tukishapima, maneno yana tabia ya kunenepa."

Sultani akauma meno. "Ratli ina wakia kumi na sita. Kila mkate ukipungukiwa wakia nzima, tanuri chini! Pungufu ya hapo, nitasema ni bahati ya siku."

Ikafungwa mizani ya kupimia magunia ya mbata, zile nazi kavu, sahani zake pana kama milango. Likaletwa kapu la Bi Mize kutoka sokoni, likamiminwa lote upande mmoja. Upande wa pili yakapangwa mawe ya ratli, jiwe kwa kila mkate. Mawe yakashuka, puu! Mikate ikabaki inaning'inia juu. Kadhi akapunguza mawe mpaka sahani zikalingana, akahesabu, akagawanya, akatangaza: kwa wastani kila mkate umepungukiwa zaidi ya wakia mbili.

Bi Mize aliliona tanuri la mama yake likigeuka kifusi, na machozi yakamlenga. Sultani akajishika tumbo akacheka mpaka kiti kikalia.

"Haya, mama mwenye ulimi! Sema sasa!"

"Bwana, kapu hili mmelitoa wapi?"

"Sokoni. Mezani kwako mwenyewe."

"Na kabla sijafika sokoni, nani alikuja tanurini kwangu?"

Hapo Feruzi, mtumishi wa jikoni, akaanza kurudi nyuma pole pole. Mji mzima uliijua desturi ile: kila alfajiri jumba huchagua mikate kwanza, tena bure, kabla mwenye njaa yeyote hajanusa hata moshi.

"Feruzi mwanangu, usikimbie," akasema Bi Mize. "Ukija kuchukua haki ya jumba, unachaguaje?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unachaguaje?"

"Nachukua minene. Miembamba nakuachia."

"Kwa nini?"

Feruzi akatazama chini. "Bwana alisema nikimletea mwembamba, atanila mimi."

Kicheko kikapasuka, hata askari wakageuza nyuso ukutani.

"Loo!" Bi Mize akashika kiuno. "Kumbe mnaondoa minene, mnabakisha miembamba, halafu mnapima mabaki na kuyaita tanuri zima! Sheria ya marehemu inasema mikubwa ichanganywe na midogo. Midogo hiyo hapo. Mikubwa iko wapi?"

"Imeliwa!" akanguruma Sultani, uso umemwiva. "Mkate ulioliwa haupimiki! Nitahukumu kwa iliyopo hapa uwanjani, basi!"

"Iliyopo hapa uwanjani, Bwana? Yote?"

"Yote! Naapa kwa kaburi la baba yangu!"

Bi Mize akaitazama mizani. Akalitazama tumbo. Akapangusa sahani kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama anamwandalia mgeni mahali pa kukaa.

"Basi panda, Bwana."