Kipimo cha Luhende

"Kila bunduki na kipimo chake." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia mwalimu leo asubuhi, pale mwalimu alipokuja kulalamika kwamba mtoto wake ni mzito wa kusoma na akashauri apigwe. Nanyi mlicheka, kwa sababu katika nyumba ya shangazi yenu hakuna bunduki, wala haijapata kuwamo. Haya, sogeeni, mjue msemo huu umetoka wapi. Haukuanza na mtoto wala mwalimu. Ulianza na bunduki ya kweli, na ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja.

Zamani za Vita Kuu ya Pili, katika kijiji cha Mwakalundi, kusini ya Tabora, ndani kabisa ya misitu ya miombo, aliishi mtu aliyeitwa Misigalo. Mtemi wa nchi ile alimpa kazi ya kulinda mashamba ya watu wasiliwe na nguruwe pori, na kwa kazi hiyo akamkabidhi bunduki moja kuukuu. Kitako chake kilifungwa waya, na mtutu ulikuwa umelika kwa ndani. Risasi zake zilikuja kwenye boksi kutoka kiwandani ng'ambo, mpya, zinang'aa, zote sawasawa kama punje za muhindi mmoja.

Na zote zilikosa. Misigalo akilenga bega la nguruwe, risasi huchimba udongo nyuma ya mkia, na bunduki yenyewe humrudishia teke la punda. Msimu ule nguruwe walimaliza karanga za bonde zima. Watu wakaanza kusema kwamba mtemi angempa bunduki kipofu, ingekuwa afadhali.

Misigalo alitembea siku tatu hadi Tabora mjini, kwa fundi wa bunduki wa Kibulushi aliyeitwa Mzee Shahdad. Mzee alichungulia ndani ya mtutu muda mrefu, akaupapasa kwa kidole, kisha akamrudishia bunduki yake.

"Haina kosa, wala wewe huna kosa," alisema. "Huko kiwandani wanajaza risasi za bunduki elfu kwa mkupuo mmoja. Hii yako hawajapata hata kuishika. Jaza mwenyewe."

"Nijaze kiasi gani, mzee?"

"Mimi nitajuaje? Iulize. Jaza kidogo, upige, uangalie. Badilisha kidogo, upige tena. Ikitosheka itakuambia."

Kwa wiki nzima Misigalo alikaa kwa mzee akijifunza kusafisha maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, kuyatia fataki mpya za kuwashia baruti, kupima baruti kwa mizani ndogo ya sonara na kukaza kichwa cha risasi juu yake. Kisha akarudi nyumbani, akachora duara la mkaa kwenye ubao, akauegemeza kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, akaanza kuuliza.

Alipiga risasi tano za kipimo kimoja, akaenda kuangalia. Akapiga tano za kipimo kingine, akaangalia tena. Mkewe, Nyamizi, alikuwa akitwanga huku akimtazama anakwenda na kurudi, na kabla hajafika uani alikwisha kujua kwa mwendo wake kama matundu yamekaribiana au yametawanyika. Mambo hayo yaliendelea miezi mitatu. Mwisho ikaonekana kwamba bunduki ile haikutaka nguvu zote za kiwandani. Ilitaka pungufu. Ilipopewa pungufu yake, ilitulia begani, na matundu matano ukayafunika kwa kiganja. Wiki iliyofuata Misigalo aliua nguruwe saba, na maneno ya kipofu yakaisha.

Wakati huohuo ndipo mdogo wake, Luhende, aliporudi kutoka vitani Bama, huko Asia ng'ambo ya bahari.

Misigalo ndiye aliyemlea Luhende tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni, akamfundisha kutega ndege, akamsindikiza hadi stesheni siku aliyochukuliwa jeshini. Miaka minne alikuwa akimhesabu kila jioni miongoni mwa watoto wake. Sasa amerudi, amevaa koti refu la jeshi, viungo vyake vyote vizima, na bado Misigalo alimwona kama mtu ambaye hajafika. Alilala ameegemea ukuta. Sufuria ikianguka jikoni, yeye alikuwa chini, amelala kifudifudi. Na Misigalo akipiga bunduki kwenye kichuguu, Luhende alitokomea msituni, asionekane mpaka jua lielekee kuzama.

Misigalo alifanya kama wengine walivyowafanyia askari wao. Alichinja mbuzi watatu, akaita ngoma, akamsimamisha mdogo wake katikati ya watu asimulie vita. Luhende alisimama, akatazama nyuso zile, akatoka. Misigalo akamtafutia mchumba. Luhende akamwamkia binti kwa adabu, na kesho yake hakuonekana kutwa nzima. Misigalo akakusanya watu arobaini wenye majembe wamlimie shamba kwa nyimbo na pombe. Luhende alilima tuta moja, akaacha jembe limesimama ardhini.

"Mbona wenzake wamepona?" Misigalo alimwuliza mkewe kwa uchungu. "Mmoja ameoa. Mwingine amenunua baiskeli, anapita akijisifu. Huyu wangu ana nini?"

Na kila alivyoona halijafaa, ndivyo alivyoongeza. Ikafika siku ya mtemi kuwakagua askari waliorudi, waandamane mbele ya watu na bunduki zipigwe hewani. Luhende alisema hataki. Misigalo akamshika mkono.

"Utakwenda. Nimechoka kuonewa huruma."

Luhende alimtazama, akasema, "Sawa, kaka." Aliingia kuvaa koti lake, akapitia mlango wa nyuma, akaenda zake.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Msitu ule ulikuwa na simba. Asubuhi ya siku ya tatu Misigalo alikaa uani na mizani yake, akijaza risasi za kwenda kumtafuta mdogo wake. Hakuwa amekula. Aliikosea mizani, na baruti ikamwagika mkekani. Nyamizi akaja, akachuchumaa, akaanza kuizoa kwa jani.

"Baba Kulwa," alisema, "mbona unaipunguza baruti? Risasi za boksi si zina zaidi?"

"Bunduki hii haiwezi zile. Ukiizidishia, inatupa risasi kando."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliiuliza miezi mitatu. Wewe mwenyewe umeniona."

Nyamizi akaikung'uta baruti ndani ya kibuyu chake, akakifunga.

"Nimekuona. Bunduki ya mtemi umeiuliza miezi mitatu. Ndugu yako umemwuliza siku ngapi?"

Misigalo akaigeukia mizani yake.

"Ngoma, mke, watu arobaini na majembe yao," aliendelea Nyamizi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayempoza mgonjwa. "Hayo ni ya boksi, mume wangu. Yamewafaa wengine, nami nafurahi. Luhende ukimjaza hivyo, anaruka kando."

 Misigalo akaiweka chini ile risasi ambayo hajaimaliza, akainuka, akaiacha bunduki palepale ilipolala. Alichukua shoka na mkuki, na kibuyu cha uji ambacho Nyamizi alikuwa amekwisha kukiandaa, akaingia msituni.

Alikwenda hadi mtoni, mahali marehemu baba yao alipotundika mizinga yake ya nyuki. Mizinga ilikuwa imechakaa, mingine imeanguka. Luhende alikuwa ameketi chini ya mmoja ambao bado ulikuwa na nyuki, midomo imemkauka, akisikiliza mvumo wao. Misigalo alipomwona mzima alitaka kumkumbatia, na alitaka kumchapa makofi. Hakufanya hata moja. Alikaa chini mbali kidogo, akasukuma kibuyu mbele kwa ncha ya mkuki.

"Nimekuja bila bunduki," alisema.

Luhende alikitazama kibuyu. Baada ya muda mrefu alikichukua, akanywa.

"Mdogo wangu," Misigalo akasema. "Nimekuzidishia. Sikujua, kwa sababu sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Nikupe kiasi gani?"

Machozi yalimtoka Luhende kimya kimya, naye hakuyafuta.

"Kidogo, kaka."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mtu mmoja. Kwa siku nzima, mtu mmoja. Na asiniulize habari za Bama."

"Ungependa awe nani?"

"Leo, uwe wewe."

Basi Misigalo akabaki naye siku ile. Hawakuzungumza. Walishusha mizinga iliyooza, wakachonga mipya. Kesho yake Misigalo aliuhamishia ubao wa shabaha ng'ambo ya kilima, mlio usifike mtoni, na Luhende akajijengea kibanda chake karibu na nyuki. Kila siku alikwenda mtu mmoja. Siku moja Nyamizi na chakula, siku nyingine Kulwa, siku nyingine Doto, na watoto wale pacha waligombana kila asubuhi zamu ni ya nani. Ulipopita msimu mmoja, Luhende mwenyewe alisema, "Kesho waje wote wawili." Msimu wa pili akaanza kuja kijijini mchana kuuza asali. Akichoka na watu aliaga, na hakuna aliyemshika mkono. Baadaye akaoa mjane mmoja mpole aliyekuja kununua nta, na mke huyo Luhende alimchagua mwenyewe. Ngoma kubwa hakuhudhuria mpaka anakufa mzee wa mvi. Lakini asali yake ililiwa mpaka Tabora, na watoto wake walimpenda.

Mwaka mmoja baada ya ukaguzi ule wa kwanza, mtemi aliwakagua tena askari wake, akaona nafasi moja wazi. Akamwita Misigalo mbele ya watu.

"Ndugu yako yuko wapi? Wenzake wote wanaweza kuandamana, kwa nini yeye hawezi?"

Zamani Misigalo angeona aibu. Siku ile alipiga goti, akajibu kwa heshima:

"Mtemi wangu, bunduki uliyonipa ilikataa risasi zilizozifaa nyingine zote. Ungeniambia niitupe, mashamba yako yangeliwa hadi leo. Niliipunguzia, nayo ikawa bora kuliko zote. Luhende yuko mtoni na nyuki wake, na yu mzima. Kila bunduki na kipimo chake."

Mtemi akasema, "Mpelekee salamu zangu. Wewe peke yako."

Waliokuwapo wakalibeba neno lile hadi majumbani kwao. Walilitumia kwa watoto, kwa wake na waume, kwa wagonjwa na wafiwa, mpaka likafika kwenye nyumba ambazo hazijapata kuona risasi. Ninyi nanyi mkimwona mtu ameshindwa na kinachowatosha wenzake, msikimbilie kumwongezea. Kaeni naye kwanza, mwulizeni. Kila bunduki na kipimo chake.