Tairi za Hariri na Kimto cha Sufi

Wapendwa, leo nawaletea mtu mmoja mumhukumu, ila msiwe na haraka, maana ni mtoto mzuri. Hanywi, hatukani, na baba yake alimpenda.

Baba huyo alikuwa karani wa stesheni. Alipofariki aliacha mjane, mtoto, na baiskeli ya kizamani: fremu nyeusi, usukani uliopinda kama pembe, kengele ya shaba, na nyuma keria pana ya chuma. Miaka yote ya ndoa yao, kila Jumapili, mkewe alikaa upande kwenye keria ile, juu ya kimto cha sufi alichokishona mwenyewe, mkono mmoja umeshika koti la mumewe, wakaenda kanisani. Mji mzima uliwajua hivyo. Sasa baba amelala nyuma ya kanisa hilo hilo, na goti la mama limegoma. Tangu mazishi hajaliona kaburi la mumewe. Ukimtajia bajaji, hataki. Atakwenda kama alivyokwenda siku zote.

"Mwanangu, utanipeleka lini nikamsalimie baba yako?"

"Vuta subira kidogo, mama. Baiskeli imechoka, naitengeneza. Siku ya kumbukumbu yake utakwenda nayo."

Amesema nini kibaya hapo? Hakuna.

Basi kijana akaanza na tairi. Za dukani hakuzitaka. Alitaka zile za waendesha mashindano, ambazo mpira wa ndani umefungiwa humo humo kwenye kitambaa, kikashonwa kama mto, halafu tairi nzima inabandikwa kwa gundi kwenye rimu yake maalumu. Kila jioni ni simu mkononi. Kitambaa cha pamba au cha hariri? Ubavu mweusi au wa rangi ya asali? Chakula kinapoa mezani, mama anamwangalia, yeye anapima weusi na asali! Mwishowe akachagua hariri, ubavu wa asali. Zilipofika, mama akazipapasa.

"Mbona nyembamba hivi, kama utumbo wa kuku? Zitatubeba?"

"Mama, hizi hazibebi. Hizi zinapaa."

Mama akacheka. Akaenda kufua kitambaa cha kimto chake, akakianika juani.

Fundi naye hakuficha kitu. "Kaka, gundi nitapaka, itakauka, zitakaa sawasawa. Lakini hizi ni za mtu mmoja, tena asiwe ameshiba. Ukipakia mtu nyuma kwenye mashimo yetu haya, umeziua. Kama una mtu wa kubeba, nikufungie zile nene. Si nzuri, ila zinabeba."

"Zile za wauza mkaa? Kwenye baiskeli ya mzee wangu?"

"Haya. Na keria je?"

Kijana akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja kama mpiga picha. "Itoe. Inaharibu umbo."

Siku ya kumbukumbu ikafika. Mama akatoka na kitenge chake cha sherehe, kimto kwapani. Baiskeli imeegemezwa ukutani, inang'aa. Akaizunguka. Akaizunguka tena, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyowahi kuishi.

"Imependeza, baba. Nikae wapi?"

"Aa... mama, keria tuliitoa. Ilikuwa inaharibu umbo. Lakini usijali, nikifika barabara kuu nakuletea bajaji mpaka hapa mlangoni."

Na mama yule aliyezikataa bajaji siku zote akasema, "Haya, baba. Nakungoja."

Kufika barabara kuu, bajaji zilikuwepo. Lakini vijana wa kijiweni nao walikuwepo. "Oya, simama kwanza! Hiyo ni mashine!" Akasimama. Wakapiga picha. Mmoja akaomba aguse tu ubavu wa tairi. Wakamsindikiza kwa miluzi mpaka kanisani, na huko nako wazee wakaizunguka baiskeli wakitikisa vichwa. Bajaji ikamtoka akilini.

Akaitwa mbele kutoa shukrani.

"Wapendwa, baiskeli hii ndiyo iliyomleta mama yangu katika nyumba hii kila Jumapili. Leo nimeirudishia heshima yake."

Makofi! Wengine wakafuta machozi. Kisha kutoka benchi la kwaya, mama mmoja aliyekuwa jirani yao akauliza, wala hakupaza sauti: "Na mama mwenyewe yuko wapi?"

Zile tairi kweli zinapaa. Alifika nyumbani jasho likimtiririka. Mama yuko pale pale mlangoni, kitenge cha sherehe amekwisha kuvua. Miguuni pake kuna beseni limejaa sufi. Amekifumua kimto, anahamishia sufi yake kwenye mto wa kulalia.

"Mama, nisamehe. Keria nairudisha leo leo."

"Ya nini, baba? Itaharibu umbo."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu.

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme mama akafa, tulie kidogo, tutoe sadaka, twende tukale. Hakufa. Yupo. Kila Jumapili kengele ya kanisa ikilia anaisikia.

Sasa sisi.

Muhula huu tuliacha ukumbi wa chini tukapanda huku ghorofa ya tatu. Hoja zilikuwa nzuri, na mnanijua, hoja nzuri mimi huipigia makofi. Huku kuna hewa. Huku sauti inatoka. Tulibishana juu ya vipaza sauti mpaka tukanuniana. Tulibishana juu ya rangi ya mapazia! Nani kati yetu alitamka neno "ngazi"?

Ushirika huu wa chuo ulizaliwa chumbani kwa kaka yetu Zebedayo, yule anayetembea kwa magongo. Tulikuwa wachache, tunakaa kwenye kitanda chake, na uji ni wake. Jumapili iliyopita katibu alisoma historia yetu, akamtaja kwa jina, tukasimama tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mnayakumbuka? Yeye alikuwa chini, kwenye benchi la kantini, Biblia mapajani. Aliyasikia yote. Vipaza sauti vyetu ni vizuri, si ndivyo tulivyotaka? Na katika umati huu wa wasomi, watu wa kuchambua na kunukuu, hakupatikana hata mmoja wa kuuliza kama yule mama wa kwaya.

Tunamheshimu mtu kwa kila kitu, isipokuwa mahali pa kukaa.

Sitawaomba mfumbe macho. Tumeyafumba vya kutosha. Sitawaomba sadaka pia. Kila mmoja ainue kiti alichokalia. Ndiyo, hicho hicho. Ibada hii tunaimalizia chini.

Twendeni. Na njiani ombeni tumkute bado hajakifumua kimto chake.