Harusi Iliyopanda Milima ya Mbinga

Kaeni vizuri, na anayependa kubishana akae mbele, maana mwishoni nitamhitaji.

Bibi Osmunda wa Mbinga alikuwa na wajukuu wanne wa kike. Agripina, mkubwa wao, alilelewa na bibi huyo tangu mama yake alipofariki. Wadogo zake watatu, mabinti wa mama zake wadogo, kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Skolastika alikuwa na jicho: mkipita njia moja, yeye ndiye anayeona kile ambacho nyote mmekikosa. Tasiana alikuwa na sikio. Kwenye kwaya alimjua aliyekosea sauti hata akiwa amempa mgongo. Redempta hakuwa na jicho wala sikio la ajabu, ila mashine iliyogoma aliikalia mpaka ikakubali.

Agripina alipata mchumba Mwanza, na harusi ikapangwa hukohuko. Kabla siku haijafika, Bibi akateleza uani na kuvunjika nyonga. Agripina alilia kwenye simu.

"Olewa, mwanangu," Bibi akamtuliza. "Mimi nitasimuliwa."

"Sitaki usimuliwe, Bibi. Nataka uone."

Lakini kule mlimani intaneti haishiki. Bibi alikuwa na televisheni ya zamani yenye kisogo, na deki ya DVD anayotazamia kwaya. Ndipo Agripina akawaambia wadogo zake, "Atakayemfikishia Bibi harusi yangu, binti yangu wa kwanza atakuwa somo yake. Nitampa jina lake."

Siku ya harusi Skolastika hakula wala hakucheza. Alikuwa na kamera tu. Alipofika nyumbani akakuta ana video ya siku nzima, na anajua Bibi husinzia kitu kikirefuka. Akakaa kwenye kompyuta akikata na kuunganisha. Hotuba za wakwe akazipunguza, foleni ya chakula akaitupa. Kilichobaki ni uhondo mtupu, na ndani yake kitu ambacho hakuna mgeni aliyekiona: Agripina, kabla ya kusema "nakubali", aligeuka akatazama kiti cheupe kitupu cha mbele alichomwekea Bibi.

Picha ikapendeza, ila sauti ilikuwa balaa. Feni la kanisani lilinguruma, kiapo hakikusikika kabisa. Na Bibi ana mtoto wa jicho. Watu huwatambua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Tasiana akatoa simu yake. Asubuhi ile aliificha kwenye maua ya altareni, ikarekodi sauti peke yake. Akaisafisha, akaipachika kwenye picha neno kwa neno mpaka midomo na maneno vikaenda pamoja, na muziki akaushusha kila mtu alipozungumza.

Wakalinakili faili kwenye diski, wakaenda kulijaribu kwa jirani mwenye deki kuukuu. Deki ikaandika: haisomeki. Skolastika akaketi chini, mikono kichwani.

"Inacheza vizuri kwenye kompyuta," akasema. "Kwa nini huku ikatae?"

"Kwa sababu hii si kompyuta," Redempta akamjibu. "Deki ina mpangilio wake. Leteni hapa."

Akaigeuza video iwe ya mpangilio wa DVD. Akarekebisha umbo la picha ili televisheni ya zamani isiwakate watu vichwa. Akaiandika video kwenye diski kwa mwendo wa polepole, kisha akaifunga isiandikwe tena, ili deki nyingine zisiikatae. Diski kadhaa ziliharibika, akatupa, akaanza upya. Ya mwisho ikacheza mwanzo hadi mwisho bila kukwama.

Agripina akasafiri na mumewe, Evodi, hadi Mbinga. Bibi akaegemezwa kwenye mito. Agripina akabonyeza kitufe. Kama ikigoma hapa, atamwambia nini?

Haikugoma. Padre alipouliza, Agripina wa kwenye televisheni akajibu "nakubali", na Bibi naye, kwa sauti kubwa, akajibu "nakubali". Nyumba nzima ikacheka. Kisha Bibi akainama mbele.

"Kile kiti cheupe cha nani?"

"Chako, Bibi."

Bibi akashika mkono wa mjukuu wake. Halafu akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja, na ikabidi diski irudiwe.

Mwaka uliofuata Agripina akajifungua binti. Wadogo zake wakafika na zawadi, kila mmoja akimwita mtoto kwa jina lake mwenyewe.

"Bila mimi, Bibi angeona nini?" Skolastika akasema.

"Kwa macho yale? Bila mimi asingejua hata nani anaolewa," akasema Tasiana.

Redempta akampakata mtoto. "Mlikuwa na harusi nzuri ndani ya kompyuta," akasema. "Bibi hana kompyuta."

Agripina akampigia Bibi simu ili amsaidie. Bibi akacheka tu. "Uliyeahidi ni wewe, mwanangu. Mimi nilishaona harusi yangu."

Ubatizo ni Jumapili hii. Jina la pili mama mkwe ameshalichukua, limebaki moja. Agripina anamtazama mwanawe anayenyonya, anawaza jicho, anawaza sikio, anawaza diski zilizotupwa, na wote watatu anawapenda sawasawa.

Haya, wewe uliyekaa mbele: padre anauliza mtoto huyu anaitwa nani. Utamjibu Skolastika, Tasiana, au Redempta? Na hao wawili utawaambia nini?