Bi Muhuri na Mji Uliomvunja Kiuno

Waliosema kuwa mkaa bure si sawa na mtembea bure hawakuwa wanamsifu mzururaji. Walichotaka tujue ni kwamba anayekaa hukutana na yale yale yaliyomkuta jana, ilhali anayetembea, hata kama hana safari maalumu, huenda akaokota jambo. Mwenye shaka na asikilize habari za Bi Muhuri.

Jina hilo alibandikwa na wenzake kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpanga barua katika chumba cha nyuma cha posta, chumba kisichokuwa na dirisha. Mbele yake palikuwa na ukuta wa visanduku sitini na vinne, kila kimoja na jina la mji wake. Aligonga muhuri, akaitupa barua kisandukuni, akachukua nyingine. Aliijua miji yote kwa harufu na uzito: huu wapenzi wake hupaka marashi kwenye bahasha, ule watu wake huagiza mbegu na vipuri. Hakuwa amekanyaga hata mmoja. Alipostaafu, wenzake walimzawadia saa ya ukutani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, maana kama kuna kitu alichokuwa amekichoka duniani ni saa.

Kaka yake mkubwa alikuwa amekwisha kumwandalia chumba cha uani. Kaka huyo alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na kwa miaka saba sasa kazi yake kubwa ilikuwa kukaa barazani na kutazama wapita njia.

"Sasa utapumzika, mdogo wangu," alisema. "Wewe utakaa pale, mimi nitakaa hapa, tuzeeke kwa heshima."

"Kaka, nimekaa vya kutosha. Nataka nikaione ile miji. Mmoja mmoja, bila haraka."

"Ukafanye nini huko?"

"Nitembee."

"Utembee bure?"

"Bure kabisa!"

Kaka alishika kichwa. Walibishana siku tatu, wakaafikiana hivi: Bi Muhuri apewe miezi mitatu. Akiwa na jambo la maana la kuonyesha, atakwenda atakako maisha yake yote, na kaka hatafungua kinywa tena. Akiwa mikono mitupu, atakaa chumba cha uani na habari ya safari itazikwa. Bi Muhuri alikubali akijua fika kwamba katika ukoo wao neno likishatoka halirudi.

Mazoea yana taabu. Wiki ya kwanza alipita miji mitano. Alishuka kwenye basi, akaangaza huku na huku, akasema moyoni, "Haya, huu tayari," akapanda jingine. Siku ya saba, akiwa ameketi kituoni, alijaribu kukumbuka ni mji upi uliokuwa na daraja la mbao na ni upi uliokuwa na soko la ghorofa mbili. Akashindwa.

"Maskini mimi!" alisema kwa sauti. "Najipiga muhuri na kujitupa kisandukuni!"

Akaangua kicheko hata abiria wawili wakahama benchi.

Hapo ndipo alipokata shauri. Kile kisanduku cha chini kabisa, alichokiinamia miaka yote hiyo, kilikuwa cha mji mdogo uliokuwa mbali. Alitaka kuujua mji uliomvunja kiuno. Akaenda, akapanga chumba juu ya tanuri la mikate, akamwandikia kaka anwani yake, akatoa nguo zote begini na kuzitundika ukutani.

Asubuhi ya kwanza alikurupuka saa kumi na moja kutafuta viatu, kisha akakumbuka kwamba hakuna anayemngoja. Akarudi kulala. Alipofumbua macho tena ilikuwa saa mbili, jua limejaa kitandani. "Saa mbili!" alipiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu. Akatoka nje, akageuka kushoto kwa sababu tu hakuna aliyemwambia ageuke kulia. Akavuka barabara kumtazama paka, akavuka tena kwa kuwa upande wa kwanza ulikuwa na kivuli. Miguu ilikuwa yake! Siku ilikuwa yake! Alihisi raha ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni, akatamani kumsimamisha kila mtu amweleze.

Hivyo ndivyo alivyoishi wiki baada ya wiki. Alijua ni fundi gani huimba akipiga randa, na ni nyumba ipi ambamo mume na mke hununiana siku za kufua. Siku moja aliingia dukani kununua sabuni, akaona mkebe uliojaa barua. Vidole vikamwasha.

"Hizo hazina wenyewe," alisema mwenye duka. "Mpeleka barua huziacha hapa. Tazama hizi tatu, mwandiko mmoja: 'Kwa Dada Mkubwa, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlango wa kijani.' Mwaka wa tatu jamaa anazunguka na pikipiki. Hapa hakuna kiwanda cha sabuni, bibi."

"Kipo!" Bi Muhuri aliruka. "Yaani, ukuta wake upo!"

Wiki iliyotangulia alikuwa amesimama nusu saa kwenye kichochoro kimoja, hana haja wala shughuli, akitazama ukuta uliopakwa chokaa. Chini ya chokaa palionekana, kwa mbali, mchoro wa mche wa sabuni. Sasa alizichukua zile barua tatu, akaenda mbio mpaka nyuma ya ukuta ule. Kulikuwa na mlango wa buluu, rangi imebambuka, na katika nyufa zake kijani kilikuwa kikichungulia.

Aliyefungua alikuwa mwanamke fundi magodoro, nyuzi za pamba zimemjaa kichwani. Alipouona mwandiko, aliketi pale pale kizingitini.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema. "Nilidhani amenisusa. Nilidhani amekufa!"

Alisoma akilia, akasoma tena akicheka. Bi Muhuri alisimama akimtazama, mikono kifuani. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akizitupa barua, na hii ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu akiifungua.

Kwa furaha hiyo alisahau tarehe. Miezi mitatu ilikwisha, zikapita siku tisa, na asubuhi moja kaka yake akatokea mlangoni, vumbi limemfika magotini.

"Muda umekwisha, mdogo wangu. Una nini cha kunionyesha?"

Bi Muhuri alimkaribisha ndani. Akamsimulia habari ya barua, tena fundi magodoro akaitwa akashuhudia. Kaka alisikiliza hadi mwisho.

"Barua tatu!" alisema. "Wewe umepanga barua maelfu kwa maelfu. Hizi tatu ndizo jambo?"

Bi Muhuri aligeukia ukuta. Ahadi ni deni. Alianza kutoa nguo ukutani, akikiona akilini kile chumba cha uani na kiti kilichomngoja.

"Nami ningefika juzi," kaka aliendelea, akijipangusa vumbi, "ila basi liliharibika njiani. Nikasema ninyooshe miguu. Ee bwana, kumbe watu wanahamisha nyumba! Nyumba nzima ya mbao, mdogo wangu, wanaisukuma juu ya magogo, na mwenyewe yumo ndani anafagia!"

"Anafagia?"

"Anafagia! Nikamuuliza, akaniambia hataki kufika kwa majirani wapya na uchafu. Basi nikawafuata siku mbili. Wakanipa kamba nikashika. Mimi hapa, nilishika kamba! Miaka saba nimekaa barazani, sijaona hata robo ya..."

Akajisikia anachosema. Bi Muhuri naye alisimama na gauni mkononi, akimtazama. Karani wa mahakama alikuwa ameona mashahidi wengi wakijifunga kwa maneno yao wenyewe, na sasa alimtambua mwingine. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akacheka polepole kwa aibu.

"Rudisha nguo ukutani," alisema. "Shauri limekwisha, nami nimeshindwa kwa ushahidi wangu mwenyewe: mkaa bure si sawa na mtembea bure."