Mafiga Matatu ya Namsifu

Nikiita, mniitikie. Jiko!
— Moto!
Jiko!
— Moto!
Na moto bila mafiga?
— Moshi mtupu!

Basi sogeeni, na anayesinzia apigwe kiwiko. Hapo kale, si kale sana, maana kanisa lilikuwa limekwisha jengwa, aliishi mlimani mwanamke mmoja jina lake Namsifu. Jina lilimkaa vizuri. Kila Jumapili ya Mavuno waumini walibeba vikapu hadi madhabahuni, kila mmoja akasema kwa sauti anachomshukuria Mungu. Namsifu alikuwa wa kwanza kusimama na wa mwisho kuketi. Mchungaji anakohoa, Namsifu anaendelea. Wazee wanachungulia nje, Namsifu anaendelea!

Huko kwao, binti akiolewa, mama mkwe humpa mafiga matatu, yakaombewa. Mawe hayo ndiyo ndoa yake. Akihama, anahama nayo; akiyaacha, amesema ndoa haikuwa kitu. Na jiwe halinyanyuliwi kabla mwenye jiko hajashukuru. Ndiyo desturi, sikuitunga mimi. Namsifu alipewa yake na mama mkwe wake, Nanzia, kikongwe mfupi mwenye meno manne na maneno elfu.

Masika yakaja. Mbonea, mume wa Namsifu, akashikwa na homa. Wiki haikuisha, akafa.

Namsifu hakulia. Watu walimngoja alie, hakulia. Alifagia, akafunga mizigo, akang'oa mafiga.

"Mlima huu umenila," akasema. "Mama, twende."

"Umeshukuru, mwanangu?" Nanzia akauliza.

Namsifu akajibu kwa wimbo. Nanyi mwimbe nami, msinitazame tu:

*Sijatulia, sijatulia,*
*Nikitulia nitashukuru!*

Wakashuka hadi mteremkoni. Namsifu akapanda migomba, ikazaa hadi ikaegemezwa miti. Jumapili ya Mavuno ikafika, watu wakamuuliza, "Kikapu chako kiko wapi?" Akasema, "Ngojeni nitulie." Mvua ikanyesha, ardhi ikaporomoka, ikameza migomba yote. Namsifu akang'oa mafiga.

"Mteremko huu umenila. Mama, twende."

"Umeshukuru, mwanangu?"

*Sijatulia, sijatulia,*
*Nikitulia nitashukuru!*

Wakashuka hadi tambarare. Jua kali, vumbi tele. Namsifu akapata ng'ombe mmoja wa maziwa, akampenda kama ndugu. Mbung'o wakamuuma ng'ombe, akakonda, akafa. Namsifu hakukaa chini tena. Alikula amesimama. Alisali akitembea. Usingizi wenyewe aliulala ameshika fundo la mizigo. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Msimtaje, yumo humu ndani.

Siku moja akasikia kwamba ng'ambo ya ziwa kuna samaki wa kukausha na kazi haikosekani.

"Mama, twende."

Nanzia akanyoosha miguu yake. Ilikuwa imevimba.

"Hii haiendi tena popote, mwanangu."

Namsifu akazunguka nyumba. Akaingia, akatoka. Mwishowe akasema, "Basi nitakuacha kwa majirani. Ni watu wema. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, Mama."

"Upwa gani?" Nanzia akasema. "Sisi watu wa mlima! Nawe huo wali wenyewe unakula umesimama, utajuaje kama ni mkavu?"

Namsifu hakucheka. Kesho yake asubuhi angeondoka. Nanzia alijua kwamba akishika njia hiyo, hawataonana tena hapa duniani. Alimzika mwanawe, na sasa anampoteza na huyu.

Kulipokucha, Namsifu akaenda kisimani kuchota maji ya safari. Huku nyuma kikongwe akatambaa hadi jikoni. Akatwaa mwiko. Akachimba chini ya jiwe, akalizamisha hadi shingoni, akamwaga maji, akashindilia udongo kwa ngumi zake mbili. Akahamia jiwe jingine. Kisha akavuta jembe, akalikalia, akalifunika kwa kanga. Namsifu aliporudi alimkuta anaimba tenzi, uso mtakatifu kabisa.

Namsifu akashika jiwe la kwanza. Akavuta. Wapi! Akavuta tena. Wapi!

"Mama, jiwe hili limekuwaje?"

"Limezama. Jiwe huzama kwa uzito wa asante zisizosemwa."

Nani huyo anasema mcha Mungu hadanganyi? Nyamaza, ngojea mwisho.

"Mbona huko nyuma yaling'oka?"

"Nilikuwa nashukuru mimi, nyuma ya mgongo wako, wewe ukidhani nakohoa. Sasa kifua changu kimechoka. Sema mwenyewe."

"Jembe liko wapi?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama, utumie mikono."

Namsifu akapiga magoti kwa hasira. Akalisukuma jiwe huku, akalivuta kule.

"Asante, Mungu! Haya, nimesema!"

"Asante ya nini? Hiyo ni salamu ya mtu anayepita njia."

"Nimshukuru kwa nini, Mama? Kwa kumchukua Mbonea? Hilo siliwezi!"

"Nani kakwambia ukishukuru kifo?" Nanzia akasema, na sauti yake sasa haikuwa ya mzaha. "Hata mimi kifo cha mwanangu sikishukuru. Nashukuru kwamba nilimzaa."

Namsifu akalishika jiwe tena. Akasukuma huku, akavuta kule. Kisha akaanza kusema polepole.

"Ugali wangu wa kwanza uliungua. Mbonea aliula wote. Akasema mlimani hakujapikwa ugali mtamu kama ule. Akaomba ukoko."

Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kile alichokikalia tangu siku ya mazishi. Akalia huku mikono ikifanya kazi. Akamtaja Mbonea na miluzi yake, Mbonea na uvivu wake wa kuchanja kuni. "Asante kwa ajili yake, Bwana. Nilikuwa naye. Asante." Bandu bandu huisha gogo. Jiwe likang'oka.

Akashika la pili. Nalo limezama. Akataja migomba: ndizi walizogawia watoto wa mteremkoni hadi wakaumwa matumbo. Akataja ng'ombe, joto la maziwa mkononi alfajiri. Alilia, akashukuru, akakasirika, akashukuru tena. Jiwe la pili likang'oka, na jua lilikuwa limeshapita utosi.

Likabaki la tatu. Namsifu akalitazama. Hakuligusa.

"Mama, hili sina la kulisemea. Nimemaliza. Sina kilichobaki."

Kazi ya mwiko ilikuwa imemmaliza Nanzia. Alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea ukuta. Namsifu akamtazama. Akaiona miguu iliyovimba kwa safari ambazo hakuzitaka. Akauona mwiko kando yake, ncha imevunjika. Akaona udongo mbichi kwenye kucha za kikongwe.

Akaelewa.

Akakaa chini. Nawaambieni, alikaa chini! Akakipakata kichwa kile cheupe, akasema, "Asante, Bwana, kwa huyu mwongo wangu."

Kisha akanyoosha mkono kulivuta jiwe la tatu kwa nguvu zote, nusura aanguke chali. Lilikuwa limekaa juu ya majivu tu, halikufukiwa hata kidogo.

Nanzia akafumbua jicho moja. "Nguvu ziliniishia kwenye mawili," akasema. "Haya, yote matatu yametoka. Unaweza kwenda."

Namsifu akayatazama mafiga. Akaitazama njia ya ziwani. Kisha akayarudisha moja moja mahali pake, akauliza, "Mama, utakula nini?"

Msidhani hasara ziliishia hapo. Masika yaliyofuata Nanzia alifariki. Majirani walichungulia kila asubuhi kuona kama mafiga yamebebwa. Namsifu alitembea hadi njia panda, akarudi. Akatembea tena, akarudi. Na Jumapili ya Mavuno ikafika, akaingia kanisani na kikapu. Watu wakanyoosha shingo. Ndani mlikuwa na mwiko, ncha imevunjika.

Akausimamisha mbele ya madhabahu, akaimba. Imbeni naye:

*Sijatulia, sijatulia,*
*Sijatulia, lakini nashukuru!*

Hadithi yangu imeiva, naipua. Aliyeshiba aseme asante. Aliyebaki na njaa akaokote kuni.