Chuma cha kina Ormerod pale Jivuni

Mbacha ni mkeka uliochakaa, uliochanika pembe, mkeka ambao mwenyewe huuonea haya mgeni akibisha hodi. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, safi, wenye rangi za kuvutia macho. Lakini una mwenyewe, na mwenyewe akimaliza haja yake huukunja akaenda zake. Watoto wetu huikariri methali hii darasani, kisha wakifika getini wakaiacha hapo hapo na vumbi la viatu. Wala si wetu tu. Hata huko Skelbeck, mji ambao mkeka haujulikani, kijana Clifford Ormerod alihitaji kuumizwa pua ndipo aielewe.

Skelbeck ni mji mdogo wa wachimba makaa, kaskazini mwa Uingereza, uliokaa bondeni kama chai iliyobaki chini ya kikombe. Siku hizo ulikuwa na mgodi, kiwanda cha sufu, makanisa yasiyoelewana, na timu ya mpira iliyovaa jezi za kijani. Nyuma ya goli la upande wa mgodini palikuwa na jukwaa la kusimama lililoitwa Jivuni. Halikuwa na paa wala kiti. Lilikuwa tuta la majivu ya makaa, ambayo wachimbaji wenyewe waliyasukuma kwa mikokoteni baada ya zamu zao, wakayashindilia kwa miguu, wakakata ngazi na kuzipigia mbao kuukuu za reli. Leo tuta halipo, pamejengwa nyumba. Lakini muulize mtu yeyote wa Skelbeck mwenye mvi, atakuonyesha kwa kidole: pale, penye dirisha la jiko la yule bibi, ndipo nilipokuwa nimesimama siku tuliyocheza na Castlegate. Macho yatamlengalenga kwa fahari. Hutampata anayesema hakuwapo. Kama wote wanaodai walikuwapo wangekuwapo kweli, tuta lingezama ardhini.

Jivuni hapakuwa na namba wala tikiti za viti. Palikuwa na vyuma vya kuegemea, vilivyochimbiwa baina ya ngazi ili umati usiporomoke, na kila chuma kilikuwa na wenyewe. Mtu alianzia chini kabisa, ukutani, pamoja na watoto wenzake, pua juu ya ukuta. Akikua alipanda ngazi kwa ngazi. Baba akifa, mwana alishika mahali pake kwenye chuma. Mwana asipotokea upesi, majirani walimwekea nafasi, wakasimama upande upande kama watu waliobanwa mlangoni. Lakini hawakuiweka milele. Mwaka mpya ukiingia, na mechi ya kwanza ya nyumbani ikachezwa bila mtu kutokea, mahali pale palipata mwenyewe mwingine, na hakuna aliyesikiliza kesi.

Stanley Ormerod alifariki kiangazi, mapafu yake yamejaa vumbi la mgodi. Babake Stanley alikuwa miongoni mwa waliosukuma ile mikokoteni. Basi macho yote yakamwelekea Clifford, mwanawe wa pekee, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na tisa na akifanya kazi gereji ya matairi. Clifford hakutokea.

Gerejini alikuwa amempata rafiki, Rex, kijana wa jiji la Castlegate, mwenye gari jekundu na ulimi wa asali. Timu ya Castlegate ilikuwa bingwa. Uwanja wake ulikuwa na viti, paa, na taa nyingi kama nyumba yenye harusi. Rex alimvika Clifford kilemba cha ukoka, akamwambia kijana mwerevu kama yeye hafai kuoza bondeni. Kila Jumamosi gari jekundu lilipiga honi mlangoni, na Clifford akatoka mbio, skafu nyeupe ya Castlegate shingoni.

Mama yake, Beryl, alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha sufu, na alikuwa mtu wa hofu. Paka akichelewa kurudi, yeye alikwisha kumwona amegongwa. Sasa hofu yake ilipata kazi ya kweli.

"Clifford mwanangu, kule unafuata nini?"

"Mama, kule unakaa kitini kama mtu. Hapa unasimama kwenye majivu ya watu, mvua inakunyeshea utosini, na timu yenyewe inafungwa na mapadri."

"Ile ya mapadri ilikuwa mechi ya kirafiki."

"Walifungwa, mama."

"Na mahali pa baba yako?"

"Baba amekwenda. Chuma hakimjui mtu."

Beryl akakaza kamba za aproni yake mpaka zikamuuma. "Huyo Rex ana mama?"

"Anaye."

"Basi mwambie, siku ukiugua, mama yake akupikie supu."

Alisema kwa ukali, lakini usiku alisali. Hakuogopa mpira. Aliogopa kuwa mtoto akionea haya mahali alipotoka baba yake, kesho atamwonea haya na mama mwenyewe.

Majani yakapukutika, theluji ikaanguka. Siku moja mzee Arnold Tetlow, aliyesimama kwenye chuma kimoja na marehemu Stanley tangu ujana wao, alikuja dirishani pa kantini, kofia mkononi.

"Bi Beryl, sikuja kula."

"Najua. Ungekuja kula ungekuwa umeshalalamika."

"Tumesimama upande upande tangu msimu uanze. Mgongo wangu sasa unajua kupinda kushoto tu. Na kina Haddock wanakiulizia kile chuma. Wana wavulana wanne, wote na mabega kama makabati."

"Mwaka haujaingia, mzee Arnold."

"Umebakiza nini? Na unajua mechi ya kwanza ya mwaka tunacheza na nani?"

Beryl alijua. Mji mzima ulijua. Kura ya Kombe ilikuwa imewapa Skelbeck mgeni asiyetarajiwa: Castlegate wenyewe, mabingwa, wanakuja bondeni.

Jioni ile alimwambia mwanawe, kwa sauti ya kubembeleza, kwamba ingekuwa vizuri siku hiyo asimame kwa baba yake. Clifford alitazama pembeni.

"Rex ameninunulia tikiti. Tutakuwa upande wa wageni."

"Utakuwa mgeni? Skelbeck?"

"Usinitafute kwa macho, mama. Utanitia aibu."

Neno hilo lilimwingia Beryl kama mwiba wa samaki kooni. Hakuweza kulimeza wala kulitema.

Siku ya siku ilipofika, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Watu walipanda Jivuni wakiwa na pai za nyama zinazofuka moshi mifukoni, wengine wakizitumia kupasha mikono kwanza. Kwa desturi Beryl alisimama juu pembeni na wanawake wa kiwandani. Siku ile hakwenda pembeni. Alishuka ngazi akipasua umati kwa viwiko, akafika kwenye chuma cha mumewe, akakishika kwa mikono miwili.

Mzee Arnold alikohoa. "Bi Beryl, hapa si ndipo..."

"Hapa pana mtu. Sogea."

"Mtu gani?"

"Ana miguu miwili na amesimama. Au unataka nikuletee cheti cha kuzaliwa?"

Kina Haddock wakatazamana, wakavua kofia. Mzee Arnold akanyoosha mgongo, akaguna kwa raha. Desturi haikusema mahali popote kwamba lazima mwenye kushika awe na ndevu.

Wageni walijazwa kwenye kona iliyopakana na Jivuni, baina yao uzio na askari. Walikuwa wengi, weupe kama kundi la bata, na hawakungoja filimbi ya refa kuanza kuwadhihaki wenyeji.

"Ogeni! Ogeni leo! Maji ni bure!"

Jivuni likanguruma kwa sauti moja: "Makaa yetu ndiyo yanayowapashia maji!"

Beryl alikuwa ameambiwa asitafute kwa macho. Alitafuta. Akamwona Clifford karibu na uzio, kando ya Rex. Wenzake walipoimba "Ogeni", mdomo wake ulifunguka, ukabaki wazi bila neno, ukafunga. Baba yake alikuwa akirudi kutoka mgodini mweusi mpaka kope, na Clifford ndiye aliyekuwa akimsugua mgongo kwenye beseni. Alijua watu wa Skelbeck waliogea nini, na waliosha jasho gani.

"Imba basi!" Rex akampiga kiwiko. "Au umesahau maneno?"

Castlegate walifunga kabla ya mapumziko. Bata wakapiga mbawa. Lakini Skelbeck hawakukubali kufa. Uwanja uligeuka tope, na tope huwapenda waliolizoea. Kipindi cha pili kikizeeka, winga wa kijani, tarishi wa posta mwenye miguu ya panzi, alimpita mbio beki ghali wa Castlegate, akatia krosi, na mpira ukakutana na kichwa cha nahodha kama nyundo na msumari. Wavu ukatikisika.

Jivuni lote liliporomoka mpaka ukutani, likapanda tena, kama maji ya ndoo iliyotikiswa. Upande wa wageni palikuwa kimya, kimya cha nyumba yenye msiba. Ndani ya kimya hicho sauti moja, nene, iliyopasuka, ikalia:

"Baooo!"

Alikuwa Clifford. Mikono juu, macho yamemtoka, skafu nyeupe shingoni. Koo lake halikumwomba ruhusa. Alipogundua alichofanya, mikono bado ilikuwa hewani, na Rex alikuwa amegeuka kumtazama kama mtu aliyeona funza kwenye embe.

"Kumbe wewe ni mmoja wao?"

Hakungoja jibu. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya Rex mwenyewe. Zilizofuata hazikuwa na majina. Wakamwinua, wakamtupa juu ya ukuta mpaka uwanjani, akaangukia kwenye tope kando ya kibendera cha kona. Askari mmoja mnene, maji yakimtiririka kofiani, akamwinua kwa ukosi.

"Wewe wa wapi?"

"Si wetu huyo!" wageni wakapiga kelele. "Mpeleke kwa wachafu wenzake!"

Askari akamvuta hatua chache mpaka mbele ya Jivuni. "Haya, huyu ni wenu?"

Jivuni waliiona skafu kabla ya uso. Wakazomea mpaka ndege wakaruka kutoka paa la mgodi. "Wetu huvaa kijani! Mrudishe akakae kitini!"

"Nina kazi nyingine," askari akasema. "Kama hana kwao, namtoa nje ya uwanja, yakaishe."

Mzee Arnold alimtambua. Akamgeukia Beryl. Wote waliokuwa karibu na kile chuma walimgeukia Beryl, na kelele zikapungua pale, kisha pande zote. Neno moja tu, "wangu", na wangemchukua kwa heshima yake. Lakini aliwajua watu wa Jivuni. Kijana aliyeombewa na mama yake pale angebaki mtoto wa mama mpaka kaburini. Akakikaza chuma mpaka vidole vikawa vyeupe, akauma midomo, akanyamaza. Hakuwahi kufanya jambo gumu kuliko hilo.

Clifford aliinua uso. Aliivua ile skafu nyeupe, akapangusia damu ya puani, akaiachia tope.

"Mimi ni Ormerod," alisema. "Wa hapa."

"Ormerod yupi?" mtu akadakia. "Stan hakuwahi kuja kwa mlango wa wageni!"

"Mimi mwanawe."

"Na kule walikupigia nini, mzuri wewe?"

"Nimeshangilia bao letu."

"Kule? Katikati yao?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Watu wakapiga hesabu. Kisha mzee Arnold akapaza sauti: "Huyo ni mwendawazimu kabisa! Ni wetu!"

Kicheko kilipasuka kama baruti. Mikono mingi ikamfuata chini, ikamvusha ukuta. Clifford alipanda ngazi akipigwa mabegani, moja kwa moja mpaka kwenye chuma cha baba yake. Hapo akamkuta mama yake.

"Mama."

"Pana mtu hapa."

"Nilidhani... nilidhani mmeniwekea."

"Tulikuwekea. Mgongo wa mzee Arnold umepinda kwa kukuwekea." Mkono wake ulikuwa umeinuka kumfuta tope usoni, akaurudisha kwenye chuma. "Nenda chini ukutani, Clifford. Anza tulipoanzia wote."

Akashuka. Akasimama ukutani miongoni mwa watoto, amewazidi kama mnazi kwenye shamba la mchicha. Msichana mdogo mwenye kitambaa cha kijani kichwani alimkagua toka juu hadi chini.

"Mjomba, ulifeli darasa?"

"Nilifeli," Clifford akajibu. Kisha akaimba pamoja nao mpaka sauti ikamkauka.

Mechi iliisha sare, bao moja kwa moja, na mji mdogo ukawabeba wachezaji wake mabegani kama maharusi. Marudiano yalichezwa Castlegate. Idadi ya mabao waliyofungwa, watu wa Skelbeck wameisahau kwa makusudi. Jioni ile ya sare, watu walipotoka Jivuni, gari jekundu lilipita barabarani likipiga honi. Clifford alilitazama. Halikupunguza mwendo, na kwenye kiti alichokuwa akikaa yeye alikuwa amekaa mtu mwingine, skafu mpya shingoni.

Chuma kile hakukipata tena. Mama yake alikishika mwaka hadi mwaka, mpaka tuta lilipobomolewa. Clifford alipanda taratibu, akaishia ngazi moja chini yake, na wageni wa Jivuni walipouliza yule mwanamke mkali ni nani, yeye ndiye aliyejibu wa kwanza, kifua mbele: "Yule? Yule ni mama yangu." Basi kijana unayeona kwenu ni pachafu kwa kuwa umesikia honi mlangoni, ngoja kwanza: usiache mbachao kwa msala upitao.