Kiboko Aliyehama Kila Ijumaa

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Palikuwa na duka!"
"Li wapi?"
"Linafungwa kesho!"
"Kesho ipi?"

Haya, hiyo kesho ndiyo iliyonileta hapa. Sogeeni. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, usituzibie hewa.

Hapo kale, karibu na kivuko cha mto, Kiboko alikuwa na duka. Siku hizo Kiboko alikaa nchi kavu kama mimi na wewe. Aliuza sufuria, majembe, mikeka na mabeseni, na wanyama walimlipa kwa nafaka, kibaba kwa kibaba. Ghala lake nyuma ya duka lilijaa mpaka mlango ukagoma kufungika. Na bado tumbo likamwambia, ongeza.

Ndipo alipopata hila. Akachukua ubao, akaandika kwa rangi nyekundu: DUKA LINAFUNGWA. NAHAMA. IJUMAA NDIYO MWISHO. Akautundika mlangoni, akashika kengele.

"Ngo, ngo, ngo! Nahama, jirani zangu, nahama! Leo nipo, kesho sipo! Ngo, ngo, ngo!"

Wanyama wakasikia. Puku, puku, puku, vumbi likatimka. Swala akaja, Ngiri akaja, Nungunungu akaja na miiba yake, akawachoma wenzake kwenye msongamano. Sufuria ya vibaba viwili Kiboko alikuwa ameiandika vinne, kisha akavikata vile vinne kwa mkaa, akaandika vitatu. Wanyama waliona vinne vimekatwa, wakafurahi. Wakanunua hata wasivyovihitaji. Nyoka alinunua jembe. Nyoka! Alishike kwa mkono gani?

Ijumaa ikapita. Jumamosi duka likafunguliwa.

"Bwana Kiboko, hukuhama?"

"Mtumbwi haujaja, ndugu yangu. Ijumaa hii ndiyo mwisho."

Ijumaa ikapita. Jumamosi duka likafunguliwa.

"Bwana Kiboko, ungalipo?"

"Mjomba wangu amefariki. Nitahamaje na msiba? Ijumaa hii ndiyo mwisho."

Miaka mitatu ikaenda hivyo. Mjomba yule alifariki mara nne, Mungu amrehemu kila mara.

Msidhani Kiboko hakuwa na haya. Haya alikuwa nayo, ila aliikalia, na mnajua uzito wake. Jioni akila alijiambia, "Huu si wizi. Ijumaa ipo, na mwisho upo. Iko siku nitahama kweli." Akisha kusema hivyo, chakula kilishuka vizuri.

Siku moja akaja Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga kumi na mmoja. Sufuria yake ilikuwa imetoboka. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo kilichofunikwa kwa jani.

"Bwana Kiboko, sina ila mtama wa mbegu. Hunisubiri mpaka mavuno?"

"Mavuno? Bi Kanga, mavuno yatanikuta ng'ambo. Ijumaa ndiyo mwisho."

Bi Kanga akawatazama vifaranga wake, akaitazama sufuria. Akatoa mbegu zote. Mvua za mwaka ule zilinyesha vizuri sana, na shamba lake likabaki tupu. Kiboko alilipita shamba lile kila siku, na kila siku alitazama upande wa pili wa njia.

Sasa njooni kwa Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, anakaa kwenye mawe, hana pembe, hana hata mkia. Alinunua jembe kwa Kiboko, na siku ya kwanza tu mpini ukakatika, ka! Akalirudisha.

"Mwanangu," Kiboko akamwambia, "duka linalofungwa halipokei vya kurudishwa. Huoni ubao?"

Pimbi akausoma ubao, akaurudia tena. "Nauona, baba. Kwa hiyo unahama kweli."

"Nahama kweli."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii."

"Basi nisamehe, baba. Sisi majirani zako tumekosa adabu."

Akaondoka, ti, ti, ti, akapita mlango kwa mlango.

"Hodi! Bwana Kiboko anahama Ijumaa. Miaka mitatu anatuaga na sisi tumekaa tu, hata kumsindikiza hatujamsindikiza! Hatuoni haya?"

Maana pale kivukoni walikuwa na mila yao. Jirani akihama, kijiji kizima humsindikiza kwa ngoma mpaka majini. Humbebea mizigo, humpa chakula cha njiani, kisha husimama ukingoni wakimtazama mpaka avuke. Na aliyesindikizwa kwa ngoma hageuki nyuma. Wanyama wakasikia maneno ya Pimbi, wakainamisha vichwa. "Kweli," wakasema, "tumemkosea mzee wa watu."

Ijumaa ikafika. Kiboko yumo dukani, anaifuta kengele yake, akasikia: Ndu! Ndu! Ndi-ndi-ndu! Akadhani ni wateja, akafungua mlango huku anachekelea. Lo! Kijiji kizima, na ngoma mbele. Pimbi ametangulia, machozi yanamchuruzika.

"Baba yetu anatuacha! Hii, hii, hii!"

"Nenda salama, Bwana Kiboko! Nenda salama!"

"Jamani, ngojeni kwanza," Kiboko akasema. "Mtumbwi..."

"Mtumbwi wa nini, baba, na wewe kuogelea unajua?"

"Lakini mjomba wangu..."

"Tumeshamzika mara nne, baba. Akifa tena tutamzika wenyewe, usihangaike."

Nyati walikwisha kuingia dukani, wanatoa mabeseni. Pimbi akafungua ghala. Nafaka! Magunia yamepandana mpaka darini.

"Nafaka hii ikivuka mto italowa," Pimbi akasema kwa sauti ya unyenyekevu. "Na baba yetu hapendi kitu kioze. Tuigawane? Sema neno tu, baba."

Kiboko akafungua kinywa. Mnakijua kinywa cha Kiboko. Neno lilikuwa moja tu, nalo lilishafika kwenye ncha ya ulimi: Sihami. Akilitamka, ghala ni lake, duka ni lake. Lakini akilitamka, ataulizwa habari ya Ijumaa zote zile, mbele ya wote, moja moja.

Hapo Bi Kanga akapenya katikati ya miguu ya watu. Ameshika kifurushi cha majani.

"Bwana Kiboko, sina kikubwa," akasema. "Ni mahindi ya kukaanga. Watoto wametoa ya kwao wenyewe, usije ukalala njaa njiani."

Kifurushi kilikuwa kidogo, na kilikuwa bado moto. Kiboko aliona haya. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha, mpaka hakujua amtazame nani. Laiti Bi Kanga angemtukana, angemjibu, maana matusi Kiboko alikuwa nayo ya kutosha. Lakini mahindi ya watoto utayajibu nini?

"Gawaneni," akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Hatujasikia, baba!" akasema Pimbi, mbaya yule.

"Gawaneni! Na Bi Kanga aanze. Mtama wake wa mbegu umo kwenye kikapu kile kile, nyuma ya mlango. Sikuweza kuula."

Bi Kanga akashukuru mpaka akapiga magoti, na kushukuru kule kukamchoma Kiboko kuliko yote.

Wakamsindikiza. Ndu! Ndu! Ndi-ndi-ndu! Kiboko akaingia majini, maji yakamfika magotini. Akajiambia, wakirudi makwao nami nitarudi. Hawakurudi. "Nenda salama!" Maji yakamfika tumboni. "Nenda salama!" Maji yakamfika shingoni. Ng'ambo hakuwa na nyumba, hakuwa na duka, hakuwa na hata huyo mjomba. Nyuma wamesimama wale aliowadanganya, wanampungia mikono. Aende wapi? Akazama. Bwuuu! Vikabaki juu macho, pua na masikio.

"Amefika?" wakaulizana.

"Bado. Naona masikio."

Na mpaka leo bado. Kiboko hutoka majini jua likishazama, akala nyasi harakaharaka asikutane na jirani. Kile kifurushi, wanasema, kimo shavuni mwake mpaka leo, ndiyo maana mashavu yamemvimba. Hakupata moyo wa kukimeza. Na asubuhi Bi Kanga akija kuteka maji na sufuria yake, humwita kwa moyo mweupe kabisa: "Bwana Kiboko! Hujambo? Hujafika tu?"

Naye huzama, bwuuu, na masikio yote.

Na duka je? Pimbi alisema si vizuri likae tupu. Jumamosi akalifagia, akaupaka ubao chokaa, akaandika kwa rangi ya kijani: DUKA JIPYA. BEI YA UFUNGUZI. IJUMAA NDIYO MWISHO. Akaiokota kengele. "Ngo, ngo, ngo! Karibuni, jirani zangu, ndiyo kwanza tunafungua!" Huu mwaka wa tano anafungua. Mimi mwenyewe juzi nilinunua jembe pale, na mpini umeshakatika. Msinicheke. Nilipita kwa njia ya nyuma ili msinione nalo.

Basi watoto, shikeni fundisho. Kuaga kwa uongo ni dhambi kubwa, kutakufanya uishi majini. Ukitaka kudanganya, karibisha, kwa sababu hakuna mila ya kumsindikiza anayekaribisha.

Hadithi yangu nimeifunga, na mimi nikifunga nimefunga. Ikiwa tamu, mmeipata kwa bei nafuu. Ikiwa chungu, msinirudishie: iliyofungwa haipokei.